Picha za Pwani Katika Nchi ya Pamba: Uchapaji wa Japani, Kutoka Pepeo za Edo Hadi Kanga za Shinyanga

Uchiwa ni pepeo ya Kijapani isiyokunjwa. Kipande cha mwanzi hupasuliwa upande mmoja kikawa njiti nyingi nyembamba, njiti zikatandazwa na kufungwa kwa uzi, kisha karatasi ikabandikwa pande zote mbili. Sehemu isiyopasuliwa ndiyo mpini. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, karatasi za pepeo hizo zilichapwa picha kwa vibao vya mbao. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 picha za pwani zilikuwa miongoni mwa zilizopendwa: kisiwa cha Enoshima, miamba miwili ya Futami iliyounganishwa kwa kamba, misonobari ya ufuko wa Maiko, ghuba ya Sagami na mlima Fuji ukichungulia kwa mbali. Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufariki mwaka 1858, alibuni mamia ya picha za aina hiyo.

Kazi ilipita mikono minne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuchagua mada. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachimba kila palipo peupe hadi mistari ikabaki imeinuka. Nakala za kwanza zilikuwa za mistari mitupu, na kwa kuzifuata hizo kila rangi ilichongewa ubao wake. Alama mbili ndogo ukingoni mwa kila ubao zilimwonyesha mchapaji mahali pa kuegesha karatasi, ili buluu ya maji isivuke mpaka wa mchanga. Mchapaji alipaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi yenye unyevunyevu, akaisugua mgongoni kwa kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Anga inayokolea juu na kufifia kuelekea upeo wa bahari haikuchongwa na mtu. Mchapaji aliipata kwa kufifisha rangi ubaoni kwa maji kabla ya kila nakala, ndiyo maana nakala mbili za picha moja hazilingani kabisa.

Umbo la pepeo lilimbana mchoraji. Pembe zote ni za mviringo, na chini katikati pana nafasi ya mpini. Hiroshige aliligeuza tatizo hilo kuwa mbinu: aliinua upeo wa bahari, akaweka mti au mwamba mmoja mkubwa mbele kabisa, tena upande mmoja, halafu akaacha maji yajaze kati. Picha ya namna hiyo husomeka hata pepeo inapotikisika mkononi. Mbinu hiyo ya kitu kikubwa karibu na mandhari madogo mbali ndiyo iliyowavutia wachoraji wa Ufaransa baadaye, ingawa wao waliijua zaidi kupitia picha zake za kawaida za karatasi.

Bahari ya pepeo hizo ilipakwa rangi kutoka Ulaya. Buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na nchini Japani iliingia kidogo kidogo kupitia bandari ya Nagasaki. Ilipokuwa rahisi kupatikana mnamo 1829, miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia kwa wingi mjini Edo alikuwa mchoraji Keisai Eisen, naye alianzia kwenye pepeo za buluu tupu. Mchapishaji wake hakukosea hesabu: pepeo ni bidhaa ya joto, na buluu huonekana baridi. Miaka michache baadaye mchoraji Hokusai akaitumia rangi hiyohiyo katika mfululizo wake wa mlima Fuji, ambao sifa zake zimefunika kabisa zile za pepeo zilizotangulia.

Serikali nayo iliisukuma bahari mbele bila kukusudia. Mwaka 1842, wakati wa hatua kali za kubana anasa, picha za waigizaji na za makahaba maarufu zilipigwa marufuku. Wachapishaji, ambao pepeo zao nyingi zilikuwa za sura hizohizo, walihitaji mada isiyomkera mkaguzi. Fuko za bahari, mahekalu na njia za wasafiri zilifaa sana.

Pepeo ilinunuliwa mwanzo wa kiangazi, ikatumika, ikachanika, ikatupwa. Zilizosalia hadi leo katika makumbusho kwa kawaida ni karatasi ambazo hazikuwahi kubandikwa kwenye mwanzi: sampuli za mchapishaji zilizowekwa kitabuni, au mabaki ya dukani. Historia ya bidhaa za kutumika na kuchakaa mara nyingi huandikwa hivyo, kwa kutegemea vile visivyotumika. Jambo hilo linahusu pia bidhaa nyingine iliyochapwa Japani karne moja baadaye na kuvaliwa maelfu ya kilomita kutoka huko, katika mashamba ya pamba ya Shinyanga na machimbo ya dhahabu ya Geita.

Bidhaa hiyo ni kanga, iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Kabla yake wanawake wa Unguja na Mombasa walivaa merikani, kitambaa cheupe kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Wengine walinunua leso za rangi zikiwa bado hazijakatwa, wakashona sita pamoja kuwa shuka moja. Mafundi wa Unguja walichonga mihuri ya mbao na kuigonga juu ya merikani ili kupata pindo na madoa. Kwa hiyo uchapaji wa mbao ulikuwepo pwani ya Waswahili kabla kanga za viwandani hazijaanza kuagizwa kwa wingi, na ulikuwa ukilisha soko la mitindo iliyobadilika upesi kama ile ya Edo.

Muhuri wa mkono haukudumu mbele ya mashine. Viwanda vya Uholanzi, hasa kile cha P. F. van Vlissingen mjini Helmond, vilianza kuchapa kanga kwa ajili ya soko hili katika miaka ya 1880, na Waingereza wakafuata. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa zaidi katika kueneza desturi ya kuandika jina, yaani msemo, juu ya kanga. Misemo ya awali iliandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye hati za Kirumi zikachukua nafasi. Umbo nalo likatulia: pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji, na vipande viwili vinavyofanana kufanya doti moja.

Bara, nguo ilifika kwanza mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na merikani, kaniki na shanga. Kaniki ilishika mizizi Usukumani kiasi kwamba hadi leo inaonekana kwa waganga na katika ngoma. Kanga ilichelewa. Ilihitaji mtu mwenye fedha taslimu mkononi na duka lililo karibu, na vyote viwili vililetwa na pamba na reli.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 chini ya Wajerumani. Tawi la kwenda Mwanza, likipita Shinyanga, lilikamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Pembezoni mwa njia hiyo walijenga Wahindi wenye maduka na wenye vinu vya kuchambulia pamba, na mara nyingi mtu mmoja alikuwa na vyote viwili. Mkulima aliuza pamba mbegu upande mmoja wa barabara, akanunua nguo upande wa pili. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichoanza miaka ya 1930, kilitoa mbegu zilizostahimili wadudu na magonjwa vizuri zaidi, na zao likaenea.

Miaka miwili kabla ya tawi la reli la Mwanza kukamilika, mwaka 1926, kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua safari za kudumu kati ya Japani na Afrika Mashariki. Osaka wakati huo ilikuwa mji wa viwanda vya pamba, na wanunuzi wake walikuja Uganda kutafuta pamba nyuzi. Meli iliyofuata pamba haikuja tupu. Ilileta merikani iliyofumwa Japani, khaki, vyombo vya enameli, viatu vya raba, na nguo zilizochapwa, kanga zikiwemo.

Kilichofungua soko wazi kabisa ni mwaka 1931. Mwezi Septemba Uingereza iliachana na kiwango cha dhahabu, na Desemba Japani ikafanya vivyo hivyo. Katika mwaka mmoja yen ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola ya Marekani, na nguo ya Osaka ikawa rahisi kupita mfano katika masoko ya nje. Tukio hilohilo lilikuwa na upande mwingine katika Jimbo la Ziwa la wakati wa ukoloni. Sarafu ziliposhuka, bei ya dhahabu ilipanda, na miamba ya Geita, ambayo Wajerumani waliigundua kuwa na dhahabu mwaka 1898, sasa ikawa na faida ya kuchimbwa. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Hivyo katika kipindi ambacho bei ya pamba ilikuwa imeporomoka kwa mdororo wa dunia, eneo hili lilipata mishahara ya machimbo na wakati huohuo nguo za bei nafuu za kununua kwa mishahara hiyo. Mtazamo wa kawaida huziweka historia za dhahabu na za nguo katika sura mbili tofauti. Hapa zilitoka katika hatua zilezile za sarafu.

Wenye viwanda wa Lancashire walilalamika. Mwaka 1934 Uingereza iliweka ukomo wa nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi, Nigeria na Malaya yakiwemo. Tanganyika, Kenya na Uganda hazikuguswa. Sababu yake ni mkataba wa Berlin wa 1885 kuhusu bonde la Kongo, uliofanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919, ambao ulitaka usawa wa biashara katika ukanda mpana uliofika hadi Bahari ya Hindi. Japani ilikuwa mmoja wa watia saini wa 1919. Tanganyika ilibanwa mara mbili, kwa kuwa masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa nayo yalidai mlango uwe wazi kwa mataifa wanachama. Maneno yaliyoandikwa na wanadiplomasia kwa ajili ya mto Kongo yakaamua nguo ya kuvaliwa Kahama. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 Japani ndiyo iliyokuwa ikiuza sehemu kubwa zaidi ya nguo za pamba Afrika Mashariki.

Vita vya Pasifiki, vilivyoanza Desemba 1941, vilikata biashara hiyo mara moja. Nguo zikawa adimu, na wenye maduka wa Shinyanga wakategemea zaidi India.

Japani ilirudi sokoni katika miaka ya 1950, safari hii ikiwa na ujuzi mwingine. Kyoto palikuwa na ufundi wa zamani wa kutia rangi vitambaa vya kimono kwa violezo vya karatasi iliyopakwa maji ya tunda la kaki, karatasi ngumu isiyolowa. Kutoka katika violezo hivyo ulikua uchapaji wa skrini: fremu yenye kitambaa chepesi, sehemu zisizotakiwa rangi zikazibwa, rangi ikasukumwa kwa ubapa wa mpira. Skrini moja kwa rangi moja, na alama za kuegesha ili rangi zisipishane. Ni mantiki ileile ya vibao vya pepeo, kugawa picha katika rangi na kuzikutanisha tena mahali pamoja, ila sasa kwa jora zima la nguo. Miongoni mwa viwanda vilivyochapa kwa ajili ya Afrika katika miongo ya baada ya vita ni Daido Maruta cha Kyoto, na kampuni ya Nishizawa ilikuwa kati ya zilizosafirisha kanga.

Agizo la kanga lilianzia Afrika. Mfanyabiashara wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, aliyejua kilichonunuliwa wiki iliyopita, alichora au alichoresha wazo, akaandika jina la kanga kwa herufi kubwa, akatuma Japani kupitia wakala. Huko mchoraji alilisafisha: alipima pindo, akajaza mji, akatenganisha rangi mbili, tatu au nne. Herufi za Kiswahili alizinakili kama anavyonakili ua, kwa kuwa kwake zilikuwa maumbo. Vipande vya sampuli vilirudi kwa meli au kwa posta, mfanyabiashara akabadilisha nyekundu kuwa ya chungwa au akakataa kabisa, ndipo maelfu ya doti yakachapwa. Kiwandani zilibaki nakala zilizobandikwa kwenye vitabu, zikiwa na namba na maelezo ya agizo. Vitabu hivyo ndivyo chanzo kikuu cha watafiti wa leo, kwani doti zenyewe ziliishia kubeba watoto, kufunga mizigo na kupangusa meza.

Tofauti kubwa na Edo ilikuwa katika nani anachagua. Hiroshige na mchapishaji wake waliishi mji mmoja na wanunuzi wao. Mchoraji wa Kyoto aliyechora korosho, mwezi na nyota, au dau kwa ajili ya Waswahili huenda hakuiona pwani hiyo maisha yake yote, na mama wa Shinyanga aliyeivaa kanga hiyo naye pengine hakuiona pwani. Mkorosho haukuwa zao la mbuga za Usukuma, na bahari iko mamia ya kilomita kutoka huko. Hata hivyo kanga ya korosho iliuzwa vizuri sana bara. Ladha ya pwani ndiyo iliyokuwa ladha ya mji, na mtu aliyetoka kuuza pamba alitaka kuvaa vya mjini. Anayesema kuwa kanga ilisambazwa bara na wageni tu hazingatii jambo hilo: waliotoa uamuzi wa mwisho walikuwa wanawake waliosimama mbele ya kaunta wakigeuza doti kutafuta jina linalowafaa.

Na fedha za kufanya uamuzi huo ziliongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kisukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, walijiundia vyama vya ununuzi ili kuwaepuka walanguzi wenye mizani ya kughushi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulikua kuwa mojawapo ya miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Familia kutoka sehemu zilizosongamana za Usukuma zilivuka kwenda Geita, zikafyeka pori na kupanda pamba katika ardhi mpya. Mavuno ya jimbo yaliongezeka mara kadhaa katika muongo mmoja. Marobota ya pamba nyuzi yalipelekwa India, Ulaya na Hong Kong, na Japani nayo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Msimu ulitawala biashara ya nguo. Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa katikati ya mwaka, wenye maduka wa Shinyanga mjini, Kahama na Geita walikuwa tayari wamepokea marobota ya nguo. Kanga zilitundikwa juu ya kamba mlangoni, jina likitazama barabara. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Fundi cherehani aliyeketi barazani alikata doti na kukunja pindo papo hapo kwa ujira mdogo. Katika magulio ya vijijini wachuuzi walitandaza nguo chini, karibu na mnada wa ng'ombe, na mwanamume aliyeuza dume alitarajiwa kurudi nyumbani na angalau doti moja. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kulikuwa na soko jingine la watu wenye mishahara ya kila mwezi, ambao hawakungoja msimu.

Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961 ulichapiwa kanga zake, na kwa muda Japani iliendelea kunufaika. Lakini serikali mpya za Afrika Mashariki ziliona haraka kwamba zinanunua Japani zaidi ya zinavyoiuzia, zikaanza kubana uagizaji. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara kubwa ya kuagiza bidhaa ilitaifishwa na kukabidhiwa shirika la umma. Viwanda vya ndani vikajengwa: Urafiki cha Dar es Salaam, kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na katika miaka hiyohiyo Mwatex ikaanza Mwanza, karibu kabisa na pamba yenyewe. Sasa pamba ya Usukuma ilisokotwa, ikafumwa na kuchapwa kanga na vitenge bila kuvuka bahari.

Mfumo huo haukuhimili miaka ya mwisho ya 1970. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikakausha fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri na rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanga iligawiwa kwa foleni na kwa barua za viongozi wa kijiji, na katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983 jora lililofichwa stoo lilitosha kumpeleka mtu ndani. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na nguo zikarejea madukani pamoja na mitumba ya nguo kuukuu. Wakati huo Japani ilikuwa inaondoka katika biashara hii: mishahara yake ilikuwa imepanda na yen imepata nguvu, kinyume cha ilivyokuwa 1931. Nafasi yake ilichukuliwa na India, kisha China.

Dhahabu ilirudi pia. Bulyanhulu wilayani Kahama na mgodi mpya wa Geita vilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Maduka ya nguo ya Geita mjini na Kahama sasa huuza kanga za Dar es Salaam na za India, na vitenge vya China, vingine vikiwa vimechapwa kwa mashine zinazosoma mchoro moja kwa moja kutoka kompyuta, bila ubao wala skrini. Sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga bado husafirishwa nje ikiwa nyuzi, katika marobota yanayoshuka kwa reli na kwa malori hadi bandarini.